Bibo na Maziwa

Jumapili, 6 Oktoba

Mabibo yameanza. Ukishika njia ya nyuma ya nyumba zetu hapa Mtawanya, harufu inakupokea kabla hujauona mti: tamu, kali, kama kitu kilichokwisha kuanza kulewa. Watu wanaokota, wananyofoa korosho, bibo wanalitupa palepale. Yamelala chini mekundu na ya manjano, nzi wanafanya sherehe. Mimi mtoto wa Njombe roho inaniuma. Kwetu mama hakuacha tunda lioze. Plamu, pichesi, stroberi za bustani ya misheni, vyote viliishia kwenye sufuria, na baridi ilipobana tulikuwa na jamu ya kupaka mkate.

Baada ya ibada nimepita kwa Bibi Ilda, mwenye mikorosho hiyo. Ua wa makuti tu ndio unaotutenganisha. Nimemwomba mabibo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Chukua, mwanangu. Chukua yote. Unataka kupika gongo?"

"Jamu, Bibi."

Nilipomweleza akakumbuka: alipokuwa msichana ng'ambo ya Ruvuma, masista walikuwa na kitu hicho ndani ya chupa, wakikiita dosi kwa Kireno chao. "Sikuwahi kukionja," alisema. "Kilikaa juu ya kabati, mikono yetu haikufika."

Jumanne, 8 Oktoba

Sufuria ya kwanza imeharibika. Ukakasi mtupu. Petro, mume wangu, kaonja kijiko kimoja akabaki mdomo wazi kama samaki changu kwenye barafu, kisha akaenda zake kazini bandarini. Kanga yangu ina madoa. Bibi Ilda anasema doa la bibo hutoka siku kanga inapochanika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeweza! Siri ni chumvi. Unayachemsha kidogo kwenye maji ya chumvi, unayamwaga, unayasuuza, unayakamua, ndipo unayakatakata na kuyarudisha jikoni na sukari na ndimu. Moto wa mkaa uwe mdogo, na mwiko usiuache. Tone likidondoshwa kwenye sahani ya baridi lisipokimbia, imeiva. Rangi yake ni ya asali ya msituni. Nimejaza chupa zote nilizokuwa nazo.

Ya kwanza nimempelekea Bibi Ilda. Alichovya kidole, akafumba macho. Mjukuu wake Ines, ana miaka mitano, naye akachovya mkono mzima. Baba yake, Cesar, alikuwa uani anafunga bomba lake la mgongoni. Kazi yake ni kupulizia dawa mikorosho ya watu, hapa na kule mashambani karibu na Ruvuma. Aliachana na mke, mama yake Ines yuko Masasi, hivyo mtoto analelewa na bibi.

"Shemeji," Cesar kaniambia, "ukiendelea hivi Petro atanenepa ashindwe kupanda meli."

Nilipokuwa natoka Bibi Ilda kanishika mkono. "Kitu kimoja. Usile hiyo na maziwa. Bibo na maziwa havikai tumbo moja. Ni sumu." Nikamwitikia, "Haya, Bibi." Moyoni nilitabasamu. Kila mahali pana chakula chake cha kuogopa.

Jumatano, 16 Oktoba

Joto. Nimepika tena.

Jumapili, 20 Oktoba

Mwajuma, anayeuza chapati pale kona, kachukua chupa mbili awapakie wateja wake wa asubuhi. Anasema zinaisha kabla ya chai. Sikujua kwamba furaha ya mtu inaweza kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinakanyagwa. Mwaka wa pili huu niko hapa, na ni mara ya kwanza wanawake wa mtaa wananiita kwa jina, Gladness, badala ya "mke wa yule wa bandarini".

Jumamosi, 26 Oktoba

Ines huja kila asubuhi. Hapigi hodi. Anasimama mlangoni na kusema, "Nimekuja," kama bosi. Namkatia mkate, nampakia jamu.

Jumatano, 30 Oktoba

Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi Ines alikuja kama kawaida. Petro alikuwa ameletewa maziwa freshi na mwenzake wa kazini, nilikuwa nimeyachemsha. Mtoto akayaona. "Na mimi." Nilikumbuka maneno ya bibi yake. Naapa niliyakumbuka. Nikajiambia ni imani tu, nikammiminia kikombe. Akanywa, akafuta mdomo kwa gauni, akarudi kwao kwa kupenyeza pale ua ulipotoboka.

Jua lilikuwa utosini niliposikia ukelele. Nilimkuta Bibi Ilda amekaa chini, Ines mapajani. Mate yanamtoka mtoto kama bomba, jasho limemlowesha, mwili unamruka vipande vipande. Nilimfunua macho. Mboni zilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Kifua kinakoroma. Cesar alikuwa amesimama mlangoni amejishika kichwa, hasogei. Mwajuma ndiye aliyekimbia kuita bajaji.

Ilipofika, Bibi Ilda akaingia na mtoto, nami nikataka kupanda. Bibi Ilda akaweka mkono wake mlangoni.

"Umempa nini leo?"

"Mkate, Bibi. Na jamu."

"Na nini?"

Watu walikuwa wamejaa. Ningeweza kusema chai.

"Na maziwa," nikasema.

Hakunitukana, na bora angenitukana. Alifumba macho yake vilevile kama siku ile alipoonja jamu, bajaji ikaondoka, nami nikabaki katikati ya watu, hakuna aliyenigusa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Yuko hai. Kawekewa dripu na hewa ya mashine. Daktari amesema ni sumu. Neno hilo moja limefika mtaani kabla ya aliyelileta. Sumu. Basi, yamekwisha. Wote walishajua ni sumu gani.

Nimeenda kona kununua chapati. Mwajuma kasema zimeisha. Mvuke ulikuwa unatoka chini ya mfuniko.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimerudi kutoka kisimani nikakuta rafu haina kitu. Chupa zote za jamu hakuna. Petro alikuwa nyuma ya nyumba, jembe mkononi, anasawazisha udongo.

"Umefanya nini?"

"Mtoto akifa, watakuja polisi, Glady. Sitaki wakute kitu."

"Kwa hiyo hata wewe unaamini nimemuua?"

"Siamini chochote. Naogopa."

Nikageuka, nikamwona Mwajuma amesimama njiani na ndoo kichwani. Ameona kila kitu. Jioni nzima nilisikia kupitia ua: "Mwenye haki angefukia?" Petro ananipenda, najua. Lakini leo upendo wake umenichimbia kaburi.

Chupa moja ilisalia. Ilikuwa chini ya kitanda, nilikuwa nimemwekea mama yangu wa Njombe. Sijamwambia Petro.

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwenda hospitali na uji. Bibi Ilda alikuwa nje ya wodi amejifunika kanga. Nikapiga goti. "Shikamoo, Bibi." Aliitikia marahaba, kwa kuwa ni mtu mzima na salamu hainyimwi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia. Nilikushika mkono nikakwambia." Uji hakuupokea. Cesar hakuwepo. Amesema anakwenda kuangalia shamba lao kule Mahurunga, na mtoto wake yuko kitandani! Nikawaza: wanaume.

Jumanne, 5 Novemba

Petro anataka nirudi Njombe mpaka mambo yapoe. Nikiondoka sasa, sitarudi tena kama mtu. Mawingu yanakuja mchana, yanatunyanyasa, yanaondoka.

Jumatano, 6 Novemba

Petro ameenda bandarini. Nimefunga mlango. Nimetoa ile chupa chini ya kitanda, nimepaka jamu nene kwenye mkate, nimemimina maziwa kikombe kilekile alichonywea Ines. Mimi na Petro tulikuwa tunaila jamu hii kwa strungi tu, kamwe hatukuijaribu na maziwa. Kama ni kweli, nataka nijue mimi. Kama si kweli, pia.

Nimekula. Nimekunywa yote.

Nakaa hapa mkekani nangoja. Nimeandika karatasi kwa Petro, nimeweka chini ya redio. Mdomo umejaa mate. Ni hofu au ndiyo inaanza? Najitazama mboni kwenye kioo cha kuchania.

Kivuli cha mlango kimesogea mpaka kwenye ndoo. Tumbo linanguruma kidogo. Kuku wa Bibi Ilda wanalia njaa, hakuna wa kuwapa.

Kivuli kimeivuka ndoo. Sina kitu. Nimekwenda chooni kama watu wengine. Nimechana ile karatasi, nikalia mpaka nikachoka.

Sikumwua. Sikumdhuru. Lakini hakuna aliyeniona nikila, na hata ningesema, nani ataamini mtu wa nyumba iliyofukia chupa? Kisha wazo lingine limeingia, na hili limenikausha machozi. Kama si jamu, basi ni nini? Kiko wapi?

Alhamisi, 7 Novemba

Theresia ni nesi, tunaimba naye kwaya. Leo nimemngojea akitoka zamu, nikamfuata mpaka nje ya geti. Hakutaka kusimama nami. Nikamwambia, "Dada, sikuombi unitetee. Niambie tu mliuliza nini siku ile."

Akatazama kulia na kushoto. "Tuliuliza mtoto kala nini. Bibi akasema. Lakini daktari hakuridhika. Mboni zile, mate yale, anayajua, kila msimu wanaletwa. Akamwuliza baba: nyumbani kuna dawa ya mikorosho? Ya maji? Baba akasema hakuna, dawa yote iko shamba. Aliulizwa mara mbili, Gladness."

"Na mtoto?"

"Anaendelea vizuri. Keshokutwa asubuhi anaruhusiwa."

Nilitembea mpaka nyumbani bila kuiona barabara. Mtu ambaye kazi yake ni kupulizia, asiwe na dawa nyumbani! Mimi mwenyewe nimewaona majirani wakigawiana masalio kwenye chupa za soda mwisho wa kupulizia. Na Ines anarudi kwenye nyumba ileile.

Nimemwambia Petro. Kasema, "Huna ushahidi. Ukimtaja na ukakosea, hatuna pa kuishi."

"Na nikinyamaza na nikawa nimepatia?"

Aliniletea maji ya kunywa. Kasema kesho ataomba ruhusa kazini anifuate. Nimemkatalia. Cesar akimwona watapigana, na sitapata ninachokitaka.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeenda Mahurunga kwa bodaboda. Mchanga, mikorosho, mchanga, kisha ardhi inashuka na unaona bonde lote la Ruvuma, mashamba ya mpunga yakingoja mvua na mto wa rangi ya chai. Kuuliza hakukuwa kazi. Cesar alikuwa kibandani kwake peke yake, hajanyoa, amekonda kama mgonjwa ni yeye. Bomba lake lilikuwa limetundikwa mtini.

Aliponiona alisimama. "Amekufa?"

"Hapana. Anatoka kesho."

Akakaa chini kwenye mchanga. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Yalikuwa yamejaa kifuani. Lakini nilichokisema kilikuwa kifupi tu:

"Chupa iko wapi, Cesar?"

"Chupa gani, shemeji?"

"Mwanao anarudi kesho. Mimi sina haja na kosa lako. Nionyeshe chupa ilipo."

Aliutazama mto. Kisha akaanza kusema, haraka, kama mtu anayetapika. Ilikuwa masalio ya dawa ya maji, aliimimina kwenye chupa ya soda ya machungwa, akaiweka chini ya kitanda akingoja kumpa mwenzake. Siku ile alimkuta Ines ameketi na ile chupa, kifuniko wazi, anakunja uso. Akampokonya, akamfuta mdomo, akamwambia nenda kacheze. Alidhani amelamba tu. Mtoto alipoanza kuruka mwili, bibi yake akawa tayari analia bibo na maziwa, bibo na maziwa. "Nikaona Mungu amenifungulia mlango," alisema. "Nikapita."

"Mlango huo ulikuwa mgongo wangu."

"Najua."

"Na hospitali walikuuliza."

"Walisema mtoto anaendelea na matibabu vilevile. Nikajua watamtibu hata nisiposema. Nikisema, nitafungwa. Mama hatanitazama tena. Ines atapelekwa Masasi." Akashika upindo wa kanga yangu. Mtu mzima yule! "Shemeji, nakuomba. Nitakwenda mwenyewe kuiondoa. Wewe unatoka mbali, watu watasahau. Mimi hapa ndipo nilipo."

Nilitamani kumpiga. Nilitamani pia kumwonea huruma, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Iko wapi sasa?"

"Nyuma ya gunia la pumba. Chumbani kwa mama."

Pumba! Pumba za kuku. Kazi ya Ines kila asubuhi ni kuwapa kuku pumba.

Sikumwahidi lolote. Nilimwambia, "Panda." Dereva akalalamika, kisha tukapakizana mshikaki, Cesar katikati. Tulipofika kwenye mikorosho mvua ikaanza, ya kwanza, matone makubwa yanayouma. Hakuna aliyesema tujifiche.

Bibi Ilda alikuwa amerudi kutandika kitanda cha mjukuu. Majirani wawili watatu walikuwa barazani wamejikinga mvua, Mwajuma mmoja wao. Nilidhani Cesar ataomba waondoke. Alipita katikati yao akiwa amelowa, akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda imebaki nusu, akaiweka chini mbele ya mama yake.

"Mama, ni hii. Si jamu. Si maziwa. Ni dawa yangu, na nilimwona akiwa nayo."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ilimbidi aseme tena, kwa sauti kubwa. Mara ya pili ndipo wote waliposikia.

Bibi Ilda aliitazama chupa. Rangi ya machungwa kabisa. Hata mimi ningeinywa. Nilingoja ukelele, nilingoja kofi. Alisema tu:

"Ulikuwa unanisikia namlaani mtoto wa watu, nawe ukanyamaza?"

"Nilikusikia, Mama."

"Hospitali. Sasa hivi. Ukamwambie daktari kwa mdomo wako."

Akaenda, kwa miguu, mvuani. Bibi Ilda akageuka kwangu. Akaivua kanga yake kavu ya juu, akanifunika mabegani.

Jumamosi, 9 Novemba

Ines amerudi. Amekuwa mwepesi kama kuku wa kisasa aliyenyonyolewa. Petro na Cesar wamechimba shimo refu mbali na kisima na kuifukia chupa kama daktari alivyoelekeza. Petro alirudi akanawa mikono mara nyingi, kisha akaniambia, "Ilinipasa nikuamini tangu mwanzo." Nikamwambia, "Ndiyo, ilikupasa." Tumeishia hapo kwa leo.

Jumatatu, 11 Novemba

Mwajuma kanipa chapati mbili, kakataa hela. "Mimi sikusema wewe," kaniambia. "Nilisema maziwa." Nimezila. Ni nzuri, nifanyeje?

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

Cesar aliitwa kituoni, akahojiwa, akaachiwa na onyo. Bibi Ilda hasemi naye. Akitaka kitu anamtuma Ines: "Mwambie baba yako chakula tayari." Na baba yake amesimama hatua chache tu! Jana nilimsikia akimwambia mama yake samahani kupitia dirisha, na dirisha likafungwa. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Anazunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza waliogawiwa dawa wameiweka wapi, akiwaambia kilichompata mwanawe. Wengine wanamcheka. Anaendelea.

Jumapili, 1 Desemba

Mabibo ya mwisho haya. Mvua imeyaangusha, nimeokota yaliyo mazima, nimepika sufuria moja ndogo. Muda wote nilikuwa naitazama jamu kana kwamba itanigeuka. Nilijua haina kosa. Mkono wangu ndio haujajua.

Nikiwa naijaza kwenye chupa nikasikia mlangoni, "Nimekuja."

Ines. Tangu atoke hospitali hakuwa amevuka ua. Akaketi mahali pake, akaona mkate, akaona jamu, akanyoosha mkono. Nilikata kipande, nikapaka, kisha nikashindwa kumpa. Nilisimama nacho hewani. Mtoto akawa ananitazama, mkono wake bado umenyooka.

Nikatoka mpaka kwenye ua.

"Bibi! Bibi Ilda! Ines yuko huku. Anataka mkate na jamu. Nimpe?"

Nikasikia ufagio ukisimama. Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye makuti. Nikaanza kurudi ndani na kile kipande.

"Mpe," sauti ilisema upande wa pili. Kisha: "Na mimi nakuja. Cesar! Wewe, Cesar, lete kigoda."